Taulo Moja kwa Nyuzi Nane

Kwa Mkuu wa Waandika Programu,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kioo.

Mheshimiwa Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni mke wa yule kijana wako mwenye miwani ya mguu mmoja. Hatujaonana, ila nakufahamu vizuri, maana mume wangu anakutaja hata usingizini. Niliishia shule ya msingi, hivyo nikikosa adabu mahali, ni kalamu, si moyo. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba, kama mnavyopenda huko kwenu.

1. Programu yenu inaanguka kila asubuhi, na anayeiokota ni mume wangu. Hii ni wiki ya saba. Anatoka mtoto hajaamka, anarudi mtoto kalala. Mama mkwe anasema mwanawe ameoa mke wa pili, tena asiyejua hata kuamkia wakwe. Mimi namtetea, lakini nachoka.

2. Nilimwuliza ugonjwa wenyewe ni nini. Akasema programu ina nyuzi nane, yaani kama wafanyakazi wanane wanaofanya kazi kwa wakati mmoja. Wote wanatumia maktaba moja, siyo ya vitabu, ni fungu la kazi zilizoandikwa na watu wengine, wewe unaazima tu. Lazima iandaliwe kwanza, tena mara moja. Asubuhi kila uzi unauliza: imeandaliwa? Bado. Unaanza kuandaa. Kabla haujamaliza, mwingine nao unauliza, bado, nao unaanza. Zinavurugana, programu chali. Mkuu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Watu wazima mnashindwa na hilo?

3. Maana kwetu lilitokea. Nilikuwa jikoni, mikono yote unga. Mama mkwe akauliza kutoka uani, mtoto kaogeshwa? Nikajibu bado, na ndio ukweli. Wifi akauliza kutoka chumbani, nikajibu bado, ukweli uleule. Mama mkwe akamwogesha, akamlaza, akaenda kuanika nguo. Wifi akaja na beseni lake, jibu la "bado" bado analo mfukoni, akamwogesha. Nami nikanawa unga nikamwogesha. Kufika saa nne mtoto ananukia sabuni tatu, ametakata kama sahani ya wageni. Wifi akaniuliza, "Mnataka afifie rangi huyu?" Kama vile yeye hakuwemo!

4. Tangu hapo tuna kanuni. Taulo la mtoto ni moja, liko msumarini. Shika taulo kwanza, ndipo uulize. Ukikuta msumari mtupu, subiri, hata uwe mama mkwe. Taulo likirudi bichi, kazi imekwisha, usimguse mtoto. Na lisirudi mpaka mtoto amevaa: siku ya kwanza wifi alilirudisha mapema, tukadhani tayari, mgeni akapokezwa mtoto wa povu. Basi zipeni nyuzi zenu taulo. Au, bora zaidi, andaeni maktaba kabla hamjazifungulia mlango hizo nane. Kama ofisi haina taulo, nitaleta letu. Mtoto atakauka kwa jua.

5. Hili ndilo kubwa. Mtoto anataka kutembea. Anashika kiti, anaachia mkono mmoja, ananitazama. Hatua ya kwanza nayo huja mara moja tu, Mkuu, haina marudio. Kwa hiyo kila akisimama, namkalisha, ili baba yake asiikose. Juzi nimemkalisha mara kumi na tisa. Ananiangalia kama nimemwibia. Nguvu zinaniishia, zake zinaongezeka. Naomba mume wangu abaki nyumbani Jumamosi, kutwa nzima.

Nisalimie wenzake wote, mlinzi wa mlangoni, na mama watoto wako, ambaye najua atanielewa.

Ni mimi, kwa heshima na matumaini,
Mama wa mtoto anayekalishwa.

Nyongeza: Bahasha nimeshaifunga, nimeifungua tena. Kumbe mama mkwe naye amekuandikia, na wifi pia. Kila mmoja aliuliza kama barua imeandikwa, akaambiwa bado, akachukua kalamu. Mama mkwe ameomba Ijumaa, wifi Jumapili. Nilitaka kukuambia ushike moja uchane mbili, kama kanuni inavyotaka. Halafu nikafikiri. Mkuu wangu, usichane hata moja. Tupe siku zote tatu.