Mkuu wa Kuzimu Aenda Kuposa Pickering

Kitabu kilianguka kutoka kwenye mkoba wa Bi Clementina katikati ya sherehe ya Watanzania wa Toronto, na Shaun Mogaka, ambaye hakualikwa na alikuwa akimalizia sahani ya pili ya pilau ya watu, akawahi kukiokota. Jaladani palikuwa na mama wa Kizungu wa enzi za Malkia Viktoria, gauni jeusi la msiba, kamwegemea jambazi ambaye shati lake, masikini, halikuwa na kifungo hata kimoja. Shaun akasoma nyuma: mjane wa bwana mkubwa ampenda bosi wa wahalifu wa London. Akamtazama Bi Clementina, mjane naye, ambaye marehemu mumewe alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyamwezi na alimwachia jumba zima huko Pickering, nje kidogo ya jiji. Akaona kazi imekwisha.

Suti yake isiwadanganye. Huyu ni kijana wa mtaa wa Malvern, mwenye umri wa kuitwa mzee, aliyewauzia watu tiketi hewa za ndege mpaka akakosa mlango wa kubisha. Mali yake yote duniani ilikuwa Benzi jeusi la mtumba, na humo ndimo alimolala, nyuma ya supamaketi, blanketi na mswaki ndani ya buti. Jumba la Pickering lilikuwa na vyumba hadi vya wageni wasiokuja.

Basi akaenda maktaba kuazima kitabu kile kile, akasoma mpaka pale jambazi anapombusu mjane mkono, akaona elimu imetosha. Akatafuta koti refu na bakora, akavaa pete ya dhahabu ambayo ilikwishaanza kumwachia kijani kidoleni, akaenda kubisha. Mlango ulipofunguliwa akainama mpaka kiunoni.

"Bibi yangu," akasema.

"Bibi yako yuko Kisii," akajibu Bi Clementina. "Unaumwa mgongo? Ingia, baridi hiyo."

Kiswahili, jamani, ndicho kilichomponza. Shaun alilelewa Toronto. Kiswahili alikisikia jikoni kwa mama yake na kukijibu kwa Kiingereza. Alitaka kumwambia mjane kwamba yeye ni bosi wa wahalifu, kama yule wa kitabuni, akaiuliza simu yake neno hilo, lile la Waingereza, ambao uhalifu huuita ulimwengu wa chini, na simu ikampa neno la makanisani. Akalikariri njia nzima.

"Lazima nikuambie ukweli," akasema kwa sauti nzito, chai mkononi. "Mimi ni mkuu wa kuzimu."

Bi Clementina akaweka kikombe chini. "Kuzimu?"

"Niko na watu mingi chini yangu. Chini kabisa. Wanatoka usiku, na polisi hawawawezi."

"Na mali hii? Pete, saa, na hilo gari hapo nje?"

"Yote ni ya kuzimu," akasema Shaun, kifua mbele. "Hasa gari."

Mama akamtazama sana, kisha akatoa tabasamu ambalo mpumbavu yule alilitafsiri kuwa ni mahaba. Akamwambia aje Jumapili, akatambulishwe kwa watu wake. Shaun alirudi kulala kwenye gari huku akijichagulia chumba.

Hao watu wake, kumbe, ni kanisa zima. Mchungaji Valerian akamsimamisha mbele, akatangaza kwamba mkuu wa kuzimu mwenyewe amejisalimisha, na ukumbi ukaripuka kwa vigelegele. Shaun akafungua mdomo ili akane. Ndipo akamwona Phyllis, safu ya kwanza, yule yule ambaye yeye Shaun alimuuzia tiketi hewa ya kwenda kumzika baba yake. Sasa afanyeje? Akisema yeye si pepo, itabidi aseme yeye ni nani. Mwizi huitiwa polisi, pepo huombewa. Bosi wetu wa London akajitupa sakafuni, akagaragara na kutoa povu.

Wakamvua pete. Wakamvua saa.

"Na gari," akasema Bi Clementina kwa upole. "Alinikiria mwenyewe. Hasa gari."

Kulichoma ikashindikana, maana zimamoto wa huku hawana imani. Mchungaji akauliza ni nani mwenye moyo wa kulichukua gari la mapepo na kuliombea kila siku barabarani. Bi Clementina akainuka taratibu, machozi yakimlengalenga, akajitolea. Shaun akatia sahihi hati za gari huku watu wakiimba.

Jioni hiyo alisimama kwenye kituo cha basi, theluji imemwingia viatuni, analia, na safari hii hakuwa anaigiza. Benzi likasimama mbele yake. Kioo kikashuka, kando ya dereva alikaa Phyllis, kafunga mkanda, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Nimefundisha Kiingereza Tabora mpaka nikastaafu, mdogo wangu," akasema Bi Clementina. "Jambazi tunamwita jambazi. Na kile kitabu, ulikimaliza?"

Shaun akatikisa kichwa.

"Mwishoni mjane anaondoka na gari la farasi."

Kioo kikapanda. Akashika njia ya Pickering, blanketi na mswaki vikiwa bado ndani ya buti.