Jeneza Lielekee kwa Mgeni Rasmi

Umma unatangaziwa kwamba mazishi ya mama yangu yalifuata taratibu zote, hata ile aliyoiacha mwenyewe. Mama, aliyefua na kupiga pasi mavazi ya paroko hadi vidole vyake vikagoma, aliniachia ombi moja tu: asihutubiwe. Alisema hotuba alizokalishwa kuzisikiliza akiwa hai zilimtosha, na wakati ule angalau aliweza kusingizia kwenda msalani.

"Mniimbie, mnizike, mkale," alisema. Nikamwahidi.

Ombi hilo nililiwasilisha kwenye kamati ya mazishi, iliyokaa sebuleni kwetu chini ya uenyekiti wa mjomba, Mkuu wa Itifaki wizarani. Lilipokewa, likashukuriwa, likapelekwa kwa Kamati Ndogo ya Matakwa ya Marehemu, ambayo wajumbe wake walikuwa bado hawajateuliwa. Kamati Ndogo ya Huzuni yenyewe ilikwisha kuanza kazi ya kuratibu vilio visije vikagongana na hotuba. Mimi nilifanywa katibu, kwa kuwa ni mtoto wa marehemu na ilionekana sina shughuli nyingine.

Mgeni rasmi alikuwa Mkurugenzi, bosi wa mjomba wizarani. Hakuwahi kumwona mama hata mara moja. Mjomba alieleza kuwa hilo ni jambo jema, maana hotuba yake haitakuwa na upendeleo.

Siku ya misa, katekista aliliweka jeneza mbele ya altare kama ilivyo kwa muumini yeyote, miguu ikielekea altareni. Mjomba alipolikagua aligundua dosari kubwa. Kichwa cha mama kilikuwa upande wa viti, na kiti cha kwanza kilikuwa cha Mkurugenzi.

"Anampa kisogo mgeni rasmi," alisema.

"Amekufa, kaka," mama mdogo akamjibu. "Na kisogo hicho alikuwa nacho siku zote."

Mjomba akamfahamisha mdogo wake kwamba kifo hakifuti itifaki. Paroko alikuwa bado ndani ya sakristia akivaa mavazi ya misa. Wafanyakazi wa wizara wakaligeuza jeneza, mama akamwelekea Mkurugenzi. Paroko alipotoka alisimama, akalitazama jeneza, akamtazama mjomba, akaanza misa.

Baada ya komunyo, mjomba alisimama kumkaribisha mgeni rasmi. Mkurugenzi akachomoa karatasi mfukoni. Zilikuwa nyingi. Mama mdogo akanishika mkono. Sikuweza kulitazama jeneza.

"Ngoja kidogo, mzee," alisema paroko, kwa upole wa mtu anayeuliza njia. "Nani aliyemgeuza mama?"

Mjomba akasema ni yeye, kwa niaba ya kamati.

"Nauliza kwa sababu muumini hulazwa akitazama altare. Anayelazwa akiwatazama watu ni padri, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Kamati imempandisha cheo. Leo anaongoza yeye. Wizarani kwenu, mgeni huzungumza kabla hajakaribishwa na anayeongoza?"

Mjomba alifikiri. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudisha waziri mlangoni aingie upya kwa mwendo unaostahili. Juu ya itifaki hakuweza kusema uongo, hata kama angetaka.

"Hapana, baba," alisema.

"Basi tumsubiri."

Tukasubiri. Mkurugenzi alikuwa nusu amekaa nusu amesimama, karatasi mkononi, macho kwa mama. Mama hakutoa ruhusa. Alikuwa mtu wa msimamo.

Mama mdogo ndiye aliyeanzisha wimbo, ule wa Bikira Maria ambao mama alikuwa akiuimba akipiga pasi. Kanisa likaupokea. Kamati Ndogo ya Huzuni ikazidiwa na majukumu. Hata mjomba mwenyekiti alilia, nje ya ratiba. Mkurugenzi akarudisha karatasi mfukoni, akaketi.

Kisha paroko akaomba jeneza ligeuzwe tena kwa maombi ya kumuaga marehemu. Mjomba mwenyewe alishika upande wa kichwa, taratibu, kama anayehofia kumwamsha dada yake. Miguu ikarudi altareni, na mama akampa Mkurugenzi kisogo, kwa mujibu wa itifaki.