Ekari Thelathini za Hiari

Tuseme ukweli mapema ili tusigombane baadaye: Kitheka Mwau hakuingia katika ule ukumbi wa Kibwezi kwa kuwapenda wanyamapori. Aliingia kwa sababu ya harufu ya pilau. Mtu huyu alikuwa na pua ya kutambua mkutano wenye chakula akiwa ng'ambo ya barabara ya Mombasa, na suti moja ya kijivu iliyomfanya aonekane mgeni rasmi hata kwenye mazishi ya watu asiowajua.

Mbele alisimama ofisa wa shirika fulani, Sauda, binti wa Kitui mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alieleza kwamba wanatafuta wenye mashamba watakaotenga ardhi kwa miaka mingi ili nyasi na miti irudi, na wanyama wapate pa kula na pa kupita kuelekea vilima vya Chyulu. Shirika lingeleta mbegu za nyasi na wapimaji. Mwenye shamba angeleta ardhi na jasho. Mpango wenyewe ungechorwa pamoja, shambani, wala si ofisini.

"Na hakuna anayelazimishwa," Sauda alisema. "Kila kitu ni kwa hiari."

Kitheka akaacha kutafuna. Hiari! Miaka yote hiyo ya kuhangaika, akiwauzia watu wa Kwa Vonza tiketi za mkutano wa wawekezaji ambapo mwekezaji alikuwa yeye peke yake, akiikwepa Matiliku mchana kwa sababu asizopenda kuzieleza, kumbe kulikuwa na neno la kumfanya mtu akupe kitu chake na bado akushukuru.

Unajua, Kitheka alikuwa na shamba. Ekari thelathini alizoachiwa na baba yake, hati iko, jina ni lake, lakini ardhi yenyewe ilikuwa na upara. Alikuwa amempeleka kule tajiri mmoja wa hoteli kutoka Kitui, Abdulmalik, aliyetaka mahali pa kujenga kambi ya watalii. Abdulmalik alizunguka dakika tano, akapangusa vumbi kwenye viatu. "Kitheka ndugu yangu, huu ni mgongo wa punda. Siku ikiota nyasi, hata kanga watatu wakipita, niite nije na pesa."

Basi kilichohitajika ni nyasi. Na ili nyasi ziote pale, ilibidi watu arubaini wachimbe mashimo ya kushika maji kwa siku kadhaa, bila malipo. Kitheka alitoka ukumbini na sahani ya pili ya pilau, kofia yenye picha ya tandala, na bunda la fomu alizozichota mezani.

Jumapili hiyo alikuwa kanisani kijijini kwao, mstari wa mbele. Ibada ilipoisha aliomba dakika tano za tangazo. Akachukua arubaini.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nimetumwa na mradi mkubwa. Dunia inawataka wanyama warudi, na iko tayari kulipa. Kila mnyama atakayeonekana kwa shamba lako, unalipwa kwa kichwa!"

Kanisa lilipata uhai ambao pasta alikuwa ameutafuta tangu asubuhi. Mzee Mulinge, ambaye hujawahi kumwona akisimama upesi hivyo hata wakati wa wimbo, alisimama.

"Dikidiki analipwa?"

"Analipwa, mzee."

"Fisi je?"

"Fisi pia ni kiumbe, mzee wangu."

"Na nyani? Maanake nyani ninao kama mia mbili. Wamemaliza mahindi yangu. Naweza kuanza kulipwa leo?"

Kitheka aliinua kidole kama hakimu. "Nyani wako hajasajiliwa. Lazima kwanza kuwe na shamba la mfano, tufundishwe hapo, ndipo ninyi wengine mfuate. Na mimi, kwa kuwapenda, nimekubali shamba la mfano liwe langu."

Watu wakapiga makofi. Hebu fikiria, wakampigia makofi!

Mmoja tu hakupiga. Kalunde alikuwa mjane, karani mstaafu wa mahakama, na ndiye aliyeongoza mwethya, kile kikundi cha kazi ya pamoja ambacho Mkamba akikikwepa, watu huuliza kama anaumwa. Boma lake lilikuwa chini kabisa ya ule upara wa Kitheka. Kila mvua, maji yaliteremka kutoka juu bila kitu cha kuyazuia, yakachimba korongo. Korongo hilo lilikuwa limemeza matuta yake matatu ya fanya juu, yale ya kushika udongo, likameza michungwa, na sasa mdomo wake ulikuwa hatua tisa kutoka jikoni. Mara tatu alikuwa amemwomba Kitheka awaruhusu wanawake wa mwethya wazuie maji kule juu. Mara tatu Kitheka alidai alipwe kodi ya kukanyaga shamba lake.

"Nipatie fomu moja nisome," Kalunde alisema.

"Chukua, mama, chukua hata mbili." Kitheka mwenyewe hakuwa amesoma hata mstari. Kwake karatasi ilikuwa kama kofia, kitu cha kuvaa watu wakuamini.

Kalunde alivaa miwani akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, na zile herufi ndogo za chini, mpaka namba ya simu ya shirika. Halafu akaikunja, akaitia katikati ya Biblia.

"Mimi nimekubali," alisema. "Mwethya utaanza Jumatano."

Walikuja watu arubaini na watatu. Walichimba mashimo yenye umbo la nusu mwezi safu kwa safu, wakajenga vizuizi vya mawe penye mikondo, wakakatakata miiba na kuitandaza mahali udongo ulipokuwa uchi. Kitheka alitembea katikati yao na suti yake, hati ya shamba ikichungulia kwenye mfuko wa koti ili kila mtu aione, akisema "vizuri sana" kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mzee Mulinge alichimba akiimba. Asubuhi alikuwa amewaachia nyani wake ugali kwenye ua, akiwaita wateja.

Siku ya tatu, wakati Kitheka anapiga hesabu ya gari atakalonunua, lilitokea gari kweli. Lilikuwa na ile picha ya tandala mlangoni. Akashuka Sauda, nyuma yake mpimaji na vyombo vyake, na wakili mwenye mkoba.

Kitheka aliishusha kofia yake ya tandala mpaka kwenye nyusi.

"Asalaam, poleni na kazi," Sauda alisema. "Mama Kalunde alinipigia simu. Alisema kuna mwenye shamba wa kujitolea, na kweli nimeona kazi. Mashallah! Ni nani?"

Kabla hajajibiwa, Mzee Mulinge alikuwa tayari ameshamshika mkono. "Binti yangu, karibu. Tuanze na nyani. Kichwa kimoja ni ngapi?"

"Kichwa cha nini, mzee?"

"Yale malipo. Ya kila mnyama."

Sauda alimtazama Mulinge, akatazama ile kofia juu ya kichwa cha Kitheka. "Hatulipi kwa kichwa. Sijui nani amewaambia hivyo."

Majembe yalinyamaza moja baada ya jingine. Sijui kama umewahi kusimama mbele ya watu arubaini na watatu wenye jasho, wenye majembe, waliogundua kitu kwa pamoja. Kitheka alitazama njia ya kutorokea. Ilikuwa imejaa mashimo ya nusu mwezi, tena yamechimbwa vizuri.

"Jamani, taratibu," Kalunde alisema, akapita mbele. "Bwana Kitheka alikuwa anaongea juu ya baraka. Lugha yake ni ya juu, tulimwelewa vibaya. Angekuwa tapeli, angeweza kweli kuweka shamba la baba yake mwenyewe kwa mradi? Leo? Mbele yetu? Na hati amekuja nayo, hiyo iko kwa mfuko wa koti." Akamgeukia, macho makavu kabisa. "Si ndiyo, Bwana Kitheka? Ama tulikuelewa vizuri ile Jumapili?"

Kitheka alitazama majembe. Alitazama kalamu ya wakili. Mjanja ni mjanja, akili yake ilikuwa bado inakimbia: weka sahihi, watu waende nyumbani, shamba uuze hata hivyo. Karatasi ni karatasi tu.

"Ndiyo," alisema, na sauti yake ikapanda kidogo. "Ni baraka."

Wakili alimsomea mkataba wote kwa sauti. Kitheka hakusikia hata neno, alikuwa anamwangalia Mulinge. Alitia sahihi kurasa sita, akaweka na kidole gumba. Sauda alimpa mkono, akaacha magunia manne ya mbegu za nyasi, na Kalunde na wanawake wa mwethya wakazimwaga mashimoni. Watu waliondoka wakinung'unika, na Mulinge akaenda nyumbani kuwaeleza nyani kwamba kifungua kinywa kimeisha. Nyani hawakukubali.

Novemba mvua ilinyesha kwa hasira. Maji yaliteremka upara wa Kitheka, yakajaza shimo la kwanza, la pili, la mia, na huko yakabaki. Krismasi ilipofika nyasi zilikuwa za magoti. Kanga walikuja kwanza, halafu dikidiki wawili, na asubuhi moja tandala dume akasimama katikati ya shamba kama aliyetumwa na dalali.

Kitheka alimpigia Abdulmalik. Abdulmalik alikuja, akaona, akafurahi mpaka akavua kofia. Akaenda ofisi ya ardhi kufanya sachi, kuona kama hati ina kizuizi chochote. Jioni akapiga simu.

"Kitheka, unanichezea? Shamba lina mkataba wa hifadhi, miaka thelathini, umesajiliwa kwenye hati! Anayenunua ananunua na mkataba wake. Hakuna kujenga hata choo. Watalii wangu watalala wapi, kwa kichuguu?"

Kesho yake Kitheka aliteremka kwa Kalunde mbio, bila suti. Mama alikuwa jikoni akipepeta maharagwe.

"Ulijua!"

"Tangu Jumapili ile. Ile fomu ilikuwa halisi, mwanangu. Wewe ndiye hukuwa halisi."

"Umeniibia!"

"Nimekuibia nini? Hati si iko kwako? Nyasi si ziko kwako? Hata tandala amelala kwako." Aliweka ungo chini, na sauti yake ikabadilika. "Sikiza, Kitheka. Miaka tisa, kila mvua ikianza, nililala na viatu miguuni na wajukuu wamefungwa khanga moja kiunoni kwangu, ili nyumba ikienda twende pamoja au tutoke pamoja. Nilikuja kwako mara tatu. Ulikuwa unanitazama nikilia, na unataka kodi. Mwaka huu nimelala bila viatu."

Kitheka alitazama nje, mdomo wa korongo ulikuwa bado hatua zile zile tisa.

"Na kuna lingine," Kalunde alisema, akiinua tena ungo. "Watu arubaini na watatu walikulimia siku tatu tatu. Mwethya hauli bure, kila mmoja anakungoja kwake. Nimeandika orodha. Alhamisi unaanzia kwa Mulinge. Anajenga ua wa kuzuia nyani, wamekuwa wakali."

"Na nikikataa?"

"Wee kataa tu. Ni kwa hiari."

Alhamisi saa moja asubuhi Kitheka alikuwa kwa Mzee Mulinge, na jembe la kuazima, akiuliza aanzie wapi.