Bomba la Saa Kumi na Moja na Nusu

Jumatatu, 4 Novemba

Wamefika! Malori mawili, nyaya kila kona, watu ishirini. Viatu vyao vimejaa mlangoni kama kuna harusi.

Wanatengeneza filamu ya mgane anayeshinda peke yake ndani. Mwongozaji wao, binti anayeitwa Maude, alizunguka mji wetu wote wa Sudbury akitafuta nyumba. Alipofika kwangu alitazama sebule akasema hapa hapahitaji kupambwa. Sikujua nishukuru au nimtoe nje. Nikashukuru.

Sababu naiandika humu tu. Naogopa. Miaka yote, nikiwa kwenye karakana yangu chumba cha chini, mke wangu Halyna akiivisha chakula aligonga bomba la jikoni kwa mwiko wa chuma. Mara tatu. Nami nikapaza sauti, "Nakuja!" Machi akafariki. Wiki ile ile, saa kumi na moja na nusu jioni, bomba likagonga. Mara tatu! Nilipanda ngazi mbio. Jiko baridi, hakuna mtu. Ni boila tu, mtambo wa chini unaopasha nyumba joto. Joto likipanda, chuma kinatanuka, kila jioni. Ingekuwa mzimu ningeupikia chai. Ni chuma, na hilo ndilo linalonitetemesha.

Kwa hiyo tangu Machi, ikifika saa kumi na moja nimeshatoka. Naegesha gari nyuma ya uwanja wa barafu, nilikoendesha mashine ya kulainisha barafu mpaka nikastaafu. Nakaa humo hadi ile saa ipite. Hakuna anayejua.

Wiki hii sitoki. Watu ishirini! Ila Ijumaa wanaondoka. Lazima nitafute njia wasiondoke.

Jumanne, 5 Novemba

Habari njema. Gilles, fundi wao wa sauti, amezima boila. Amezima na friji. Anasema maiki zake zinasikia hata friji ikiwaza. Nyumba nzima baridi, lakini saa kumi na moja na nusu bomba kimya! Nimekaa jikoni kwangu, jioni, na koti na kofia, mara ya kwanza tangu Machi. Nusura nilie kwa raha.

Habari mbaya ni Lyle, mwigizaji kutoka Toronto, ndiye mgane wa filamu. Sweta lake limechakaa kupita langu. Akiambiwa alie, analia. Chozi moja, jicho la kushoto, safi kabisa. Na Doreen! Jirani yangu, rafiki wa Halyna, anayeniletea chakula tangu msiba. Leo kaleta holubtsi, zile kabichi za kukunja na wali na nyama, alizofundishwa na Halyna mwenyewe. Kampa nani? Lyle! Eti maskini, amekonda. Na mimi nimesimama pale pale. Nikamkumbusha kwamba mfiwa ni mimi. Akanijibu kwamba huyu angalau anafungua mlango. Uongo mtupu. Nafungua. Nasubiri tu aondoke kwanza.

Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi nimeficha kile kibao wanachokigonga kabla ya kuigiza. Wana kingine. Wana vitatu.

Nikabadili mbinu. Mezani kuna kipande cha pai. Lyle anaking'ata mara moja, kisha wanapiga picha ile ile kutoka upande mwingine, kwa hiyo pai lazima ibaki vile vile. Yupo dada ambaye kazi yake ni kuilinda. Alipokwenda msalani, nikaila. Yote, na makombo. Mayowe! Kuipata inayofanana nayo, nusu siku imeteketea. Nilikuwa nacheka peke yangu chumba cha chini.

Jioni Maude kaitupa sehemu hiyo yote. Anasema mgane asiyegusa chakula anapendeza zaidi. Sasa wako mbele ya ratiba. Na tumbo linaniuma.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemwambia Maude filamu yake ni uongo. Mtu aliyefiwa hakai kuangalia dirisha, anakimbia. Akauliza anakimbilia wapi. Nikasema kununua maziwa. Lyle alikuwa ananikodolea macho, mwizi yule.

Kisha Gilles akanieleza jambo la kutisha. Kesho, kazi ikiisha, watu wote wanasimama bila kusogea, dakika nzima, ili arekodi ukimya wa nyumba. Eti kila nyumba ina wake, na bila huo filamu haikamiliki. Nikauliza wa kwangu ukoje. Akasema hajausikia bado, kwa sababu mimi mzee nakohoa mno. Jasho likanitoka na baridi ile. Ninaoukimbia tangu Machi, mwenzangu anautia kwenye mashine!

Halafu akili ikanijia. Bila ukimya hawaondoki! Kesho, dakika ya mwisho, nawasha boila. Itanguruma, watashindwa, watarudi Jumatatu. Jamani, nina akili mimi.

Ijumaa, 8 Novemba



Nilishuka, nikawasha. Kabla sijapanda, sauti ya Maude huko juu, kimya wote, asisogee mtu. Ngazi zangu hulia zikikanyagwa, nikabaki palepale kando ya boila nikisubiri ingurume. Haikunguruma. Ilipumua tu, kistaarabu. Saa sikuwa nimeitazama. Jioni tatu bila bomba, nilikuwa nimesahau joto hupanda kwenda wapi!

Ngo. Ngo. Ngo.

"Nakuja!"

Ni mimi huyo. Miguu ilishafika katikati ya ngazi kabla kichwa hakijajua. Nikasukuma mlango wa jikoni. Watu ishirini wamesimama kama wamegandishwa, wote wananitazama. Jiko baridi. Nikajikuta nauliza kama chakula tayari.

Doreen alikuwa mlangoni na sufuria ya kuwaaga wageni, na katika wote wale ni yeye tu aliyejua kugongwa kule kulikuwa nini. Lyle akalia, safari hii macho yote mawili na kamasi, vibaya sana. Nikampenda kidogo.

Nikaomba radhi, nikasema basi itabidi mrudi Jumatatu. Gilles akanishika bega akasema hapana, mzee wangu, nusu dakika ya kwanza inanitosha.

Wameondoka wote. Viatu vyote. Doreen alibaki nyuma akaniambia kesho saa kumi na moja na nusu niende kwake nikale, na nisipotokea atanifuata kunigongea. Nikasema nitaona.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimempigia Maude. Nyumba ipo, nimemwambia, kwa filamu yoyote. Vita, moto, mafuriko, hata ya watoto. Simu inapokewa na mashine. Nimeiambia mashine mara nne.

Saa kumi na moja niko ndani ya gari, nyuma ya uwanja. Ndiko naandikia. Doreen atagonga mlango wangu mpaka achoke. Hakuna anayejua nilipo.

Baadaye. Kioo cha gari kimegongwa! Kwa mwiko wa chuma! Mara tatu! Doreen, theluji kichwani, sufuria mkononi, anapiga kelele nje ya kioo. "Orest! Mji mzima unajua unapoegesha, baba! Tangu Machi! Toka tukale!"

Neno lilinifika kooni. Lile lile la ngazini. Nililisikia kabisa linakuja. Nikalimeza, nikajikunyata chini ya usukani na kofia usoni. Akasubiri. Alisubiri sana, kwenye theluji ile. Kisha nikasikia sufuria ikiwekwa juu ya boneti, na hatua zake zikiondoka.

Holubtsi zimepoa. Nimezila zote, kwa mkono, nikilia kama Lyle wa jana. Ni zile zile za Halyna, hazina tofauti hata kidogo.

Hapa pameharibika. Kesho naegesha nyuma ya kanisa.