Mnyororo wa Girdhari Lal

Siku serikali ilipotangaza kwamba ardhi yote ya jimbo la Bihar itapimwa upya, watu wa Madhopur walishika vichwa. Girdhari Lal alishika tumbo, akacheka. Alikuwa mpima ardhi wa kujitegemea, masharubu yakimeremeta mafuta ya haradali, na alijua kuwa penye hofu ndipo penye ulaji. Kesho yake akatundika kibao mbele ya mahakama, kando ya kibanda cha chai: "Uanagenzi wa Upimaji. Mwaka mmoja. Ajira haina shaka."

Wakamiminika, wengine na shahada zao mkononi. Kazi yao ikawa kubeba mnyororo wa kupimia, kumwokea Guruji, yaani mwalimu wao, madonge ya unga ya litti kwenye majivu na kumkanda miguu. Elimu yenyewe ilikuwa sentensi moja: "Kinachozidi kwenye kipimo hakina mwenyewe. Ni cha anayekiona kwanza." Wasomi wale wakauandika upuuzi huo na kuupigia mstari.

Wa mwisho kufika alikuwa Phulkumari, mjane mwenye ndoo ya maziwa kichwani.

"Mwanamke apime ardhi?" Girdhari akaguna. "Shemeji, rudi ukafue."

"Nyati wangu wa maziwa anatoa lita nane kwa siku, Guruji."

"Elimu haibagui," alisema Girdhari kwa unyenyekevu mkubwa, akipokea ndoo.

Hakumtambua. Miaka mitatu nyuma alikuwa amelipima shamba la mama huyu kuanzia jiwe la mfereji, na mwisho wake kikazidi kipande chenye miti mitatu ya lichi aliyoipanda marehemu mumewe. Kipande kikaandikwa jina la Girdhari, ambaye kwa bahati njema alikuwa jirani. Sasa pale palisimama jiko lake. Tapeli huyu alikumbuka kila shamba alilolimega, lakini sura za wenyewe hakuhangaika nazo.

Mwezi wa pili Phulkumari aliambiwa aipake mafuta minyororo. Ilikuwa miwili. Wa mfuko mwekundu, ambao Guruji aliutumia kwenye ardhi yake tu, ulikuwa na pete mia, kama sheria itakavyo. Wa mfuko wa kijani, wa kupimia mashamba ya watu, ulikuwa na pete tisini na mbili, ndiyo maana kila shamba lilizidi hati yake. Alihesabu mara tatu. Kisha akalia kwa hasira, akafuta macho, na kwa miezi kumi iliyobaki akaendelea kuleta maziwa.

Siku ya kuhitimu, Girdhari aliita vijiji saba ili apate wanagenzi wapya. Sherehe aliibuni mwenyewe: mhitimu bora angepima kiwanja cha mwalimu hadharani.

"Nipimeni mimi kwanza!" alinguruma, akiuinua mfuko mwekundu. "Naapa kwa mto mtakatifu Ganga, mnyororo huu haujawahi kumdhulumu mtu!"

Phulkumari akaupokea kwa mikono miwili, akagusa miguu ya Guruji, akaanza kutoka jiwe la barabarani. Mnyororo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne ndio mwisho wa kiwanja kwa mujibu wa hati, nao ukaishia mlangoni pa jiko. Mke wa Girdhari alichungulia, mwiko mkononi.

"Rudia!" Girdhari alifoka.

Akarudia. Mlangoni pale pale.

Girdhari akaunyakua mnyororo, vidole vikakimbia juu ya pete, na rangi ikamtoka. "Huu siyo! Huu ni ule wa..."

"Wa nani, Guruji?" Phulkumari aliuliza kwa upole. "Wa mfuko wa kijani, uliopimia shamba langu?"

Watu wa vijiji saba wakasogea hatua moja mbele. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye naye alipoteza ukingo wa bwawa lake, akakohoa. "Bwana Girdhari, umeapa kwa Ganga. Mnyororo huu ni sahihi au si sahihi? Ukisema si sahihi, tunarudi kupima mashamba yetu yote, leo hii, na wewe ukiwa mbele."

Girdhari alizitazama fimbo zao, kisha jiko lake.

"Ni... sahihi," alinong'ona.

"Basi jiko limezidi," alisema Phulkumari. "Na kinachozidi ni cha anayekiona kwanza. Mimi nimekiona."

Akapigilia kigingi mlangoni.

Msimu huo wa lichi, mke wa Girdhari alipikia uani, akimtukana mumewe kuanzia chai ya asubuhi. Kando ya kibanda cha chai kibao kilikuwa kipya, na foleni ndefu: Phulkumari Devi, Mpima Ardhi. Alipimia mnyororo wa pete mia. Ule mfupi alimwachia mwalimu wake, kama heshima.