Ukuta Wenye Ufuta

Jumamosi, 5 Aban, mwezi wa pili wa vuli

Jambo hili sijamwambia mtu: ukuta wangu ni mkate.

Si fumbo. Ukuta niliouchora kwa ajili ya chumba cha kusomea cha shule, ule ambao leo Mwalimu Golshani aliutazama kwenye kompyuta ya klabu ya michoro akasema mashallah, huu ni udongo kabisa, ni mkate wa sangak, ule mpana na bapa unaookwa juu ya changarawe za moto, ambao Mama aliununua jana.

Nieleze kwa utaratibu. Mvua za mwaka jana ziliangusha ukuta wa mashariki wa chumba cha kusomea. Tangu hapo kimefungwa. Mimi nasomea kwenye ngazi, na kila anayepita huona lazima anisemeshe. Jumatano kamati ya shule itachagua mchoro mmoja kati ya miwili. Mmoja ni wa Arsalan, mwenzangu wa klabu: paneli za alumini zinazong'aa, taa za buluu, na ndani meza ya ping-pong. Ping-pong! Chumba cha kusomea! Wa pili ni wangu: ukuta wa udongo na makapi ya ngano, kama kuta za babu zetu wote hapa Yazd, kwenye jangwa la Iran. Mnene. Baridi wakati wa kiangazi. Unameza kelele. Arsalan akishinda, miaka miwili niliyobakiza nitaimalizia kwenye ngazi.

Shida ni hii. Programu ya kuchora majengo ina sura za kuta mia mbili na kumi. Nimezihesabu. Matofali mekundu ya nchi za mvua yamo, ya kila namna. Mbao zimo. Udongo wetu haumo. Ukiutaka, piga picha mwenyewe, uiingize, uipe jina na kipimo. Lakini kupiga picha ukuta wa kweli ni kusimama kichochoroni mchana mbele ya mlango wa watu. Mwenye nyumba atatoka. Ataniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nitakufa.

Jana mkate ulikuwa umelala juu ya kitambaa cha chakula, sakafuni. Rangi ya udongo. Vishimo vya changarawe za tanuri. Ukingo umeungua kidogo, kama ukuta uliochoka na jua. Nikapanda nao juu ya paa, nikaupiga picha, nikaurudisha. Mama akauliza mkate ulikwenda wapi. Nikasema ulikuwa unapunga hewa.

Sura hiyo nimeiita Udongo-3. Namba 1 na namba 2 hazipo. Namba 3 inaonyesha uzoefu.

Jumapili, 6 Aban

Ushindi!

Asubuhi mambo yalikuwa mabaya. Jana nilikuwa nimepaka kipande kidogo tu; leo programu ilichukua mkate mmoja ikaunyoosha juu ya ukuta mzima, na pale kona ya kulia palionekana wazi pengo alilomega mama mdogo, mgeni wetu wa Ijumaa. Nikakata pengo. Nikaamuru picha ijirudie kila baada ya mita mbili. Ikajirudia, lakini kwa mishono, kama kitambaa cha viraka. Nikageuza kila picha itazamane na jirani yake kama kwenye kioo. Mishono ikatoweka! Nilitaka kumwambia mtu. Sikumwambia mtu.

Arsalan akaja nyuma yangu akitafuna mbegu za maboga. Akauliza, "Profesa, hicho kibanda kimeshapata mbuzi, au unahamia mwenyewe?" Wote wakacheka. Nilipata jibu kali sana. Nililipata saa mbili baadaye, nikiwa bafuni.

Lakini aliutazama ukuta wangu muda mrefu mno. Na folda ya sura za kuta ni moja, ya klabu nzima. Hatari! Kabla ya kuondoka nikabadilisha jina la picha yangu. Sasa inaitwa Plasta Mbovu Usitumie. Halafu, kwa usalama zaidi, nikaihamishia kwenye folda ya vyoo. Nani atatafuta hazina chooni?

Nimelala nikitabasamu.

Jumatatu, 7 Aban

Nimefungua mchoro. Ukuta mweupe pe! Kama shuka ya hospitali.

Kumbe programu haijui mkate wala udongo. Inajua jina, na inajua mahali. Ukibadilisha jina na ukahamisha mahali, inatafuta, inakosa, inakata tamaa. Sasa ningejuaje? (Imeandikwa ukurasa wa 88 wa kitabu cha maelekezo. Nilikisoma chote mwezi uliopita, na ukurasa huo niliutia alama kwa utepe.)

Vipindi viwili nimevitumia kuirudisha picha mahali pake, kwa jina lake. Ukuta ukarudi. Nikashusha pumzi. Ndipo nikauona mchoro wa Arsalan kwenye kompyuta ya pili. Chini ya paneli zake zinazong'aa, urefu wa mita moja, ukuta mzima: mkate wangu!

Nilimkabili bila woga. Yaani nilisimama karibu naye nikipumua hadi akageuka. Akasema alikuwa akitafuta vigae vya choo akakumbuka picha yake ya zamani, akainakili kwenye mchoro wake. Picha yake! Akawaapia wenzake kwamba aliipiga kwa mkono huu, kwenye bustani ya makomamanga ya babu yake, kule Taft. Ukuta wa miaka mia mbili, akasema.

Nilitaka kumshtaki kwa Mwalimu Golshani. Nikafika hadi mlangoni. Mwalimu angeuliza: basi wewe uliipiga wapi?

Nikarudi kwenye ngazi.

Jumanne, 8 Aban

Mchoro umekamilika. Nimeongeza mtu, ili kamati iuone urefu wa ukuta. Programu ina watu tayari. Nimemchagua kijana aliyeegemea na kitabu mkononi, mguu mmoja kaukunja nyuma, soli ya kiatu juu ya ukuta. Ana utulivu ambao mimi sina.

Habari njema: kamati imemwalika Fundi Yadollah, aliyepiga lipu ya udongo kwa miaka hamsini. Minara ya upepo ya mtaa wetu wote, ile inayoshusha hewa baridi ndani ya nyumba, ni kazi yake. Hatimaye mtu anayejua udongo!

Nilifurahi kwa dakika tatu. Halafu nikakumbuka ukuta wangu ni nini.

Jumatano, 9 Aban

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Kamati ilitumia projekta. Michoro yetu miwili ikatanda ukuta mzima wa ukumbi. Ndipo nikaona kitu ambacho kwenye kompyuta kilikuwa nukta tu. Ufuta. Siku zote Mama huchukua mkate mtupu. Ijumaa alichukua wa ufuta kwa sababu mama mdogo alikuja kutoka Kerman, na mgeni hapewi mkate mtupu. Sasa kila punje ilikuwa kubwa kama lozi, na ilijirudia kila mita mbili, ikijitazama kwenye kioo.

Arsalan alitangulia. Fundi Yadollah, mtu mfupi mwenye viganja kama koleo, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa. Akauliza ukuta huu wa chini uko wapi. Arsalan akaapa tena: Taft, bustani ya babu, mkono huu. Fundi akauliza kama babu bado yu hai. Yu hai, alhamdulillahi.

"Basi mpe salamu zangu. Muulize ufuta anaununua wapi, maana mimi udongo wangu natia makapi."

Ukumbi ukacheka. Arsalan akasema ni ufundi wa kale.

"Wa kale? Mwanangu, huu umetoka tanurini juzi."

Kisha zamu yangu. Mkate kutoka sakafuni hadi darini. Na kijana wangu mtulivu, soli ya kiatu juu yake. Fundi akajishika kichwa. "Lahaula! Neema ya Mungu, na kiatu juu!" Mkuu wa shule akainuka kitini. Mimi mwenyewe sijawahi kupita kipande cha mkate barabarani bila kukiokota, kukibusu na kukiweka juu ya ukuta miguu isikifikie. Juu ya ukuta! Sikuwahi kufikiria ukuta wenyewe.

Nikatoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yangu. Nilisema ni mkate, Fundi. Wa Mama. Nilisema niliona haya kupiga picha ukuta wa watu. Nilisema ukuta unaong'aa huwezi kusoma mbele yake, unajiona uso wako kila ukiinua macho, na mimi uso wangu nimeshauona. Nilisema naomba sana udongo. Kisha nikakaa.

Fundi Yadollah alicheka hadi akaletewa chai. Alipoweza kusema, akaigeukia kamati. "Mabwana, huyu kijana katuletea friji. Huyu katuletea mkate. Friji ninayo nyumbani. Mtoto anayeutaka udongo hadi akaiba chakula cha mama yake, mpeni udongo!"

Kura tano kwa mbili. Nimeshinda! Nimeshinda! Arsalan akapita kando yangu akaninong'oneza, "Hongera, Profesa. Siku nyingine weka na jibini." Nikamjibu papo hapo. Nikasema, "Ahsante."

Masharti mawili: nishushe ule mguu, na hadi Jumamosi niweke picha ya ukuta wa kweli, kwa sababu mchoro utachapishwa kwenye kitambaa kikubwa na kutundikwa langoni. Wazazi wanaujua mkate wakiuona. Mwalimu Golshani akaniambia kwenye varanda kwamba ukweli ni msingi wa kila jengo. Nimeandika maneno hayo hapa. Nimeyapigia mistari miwili.

Ijumaa, 11 Aban

Ahadi nimeitimiza. Karibu yote.

Asubuhi nilikwenda uani kwa Fundi. Akanivua viatu, nikakanyaga udongo na makapi hadi mashavu ya miguu yakauma. Akanionyesha ukuta wa nyumba yake, alioupiga mwenyewe, bora kuliko wote Yazd. Nimepiga picha arobaini na moja. Kwenye kumi na tisa kuna kivuli cha kichwa changu. Kwenye zilizobaki, isipokuwa moja, kuna kuku.

Hiyo moja nimeiingiza kwenye programu. Ukweli mchungu: udongo wa kweli haufanani na udongo. Unafanana na kadibodi. Nimeongeza mwanga. Kadibodi yenye mwanga. Nimebadilisha kipimo mara sita. Kadibodi kubwa, kadibodi ndogo.

Nikaweka picha mbili bega kwa bega, nikamwita Mama bila kumweleza neno. Nikamwomba anionyeshe ukuta. Akaonyesha mkate, wala hakusita. Mama alizaliwa ndani ya kuta za udongo. Mimi ni nani nimkosoe? Na Mwalimu alisema ukweli ni msingi. Msingi hukaa chini, hauonekani. Langoni tunatundika ukuta.

Jina la picha mpya, ambayo bado sijaipiga, nimeliandika kabisa, ili nisisahau: Udongo Halisi wa Fundi Yadollah. Mguu wa yule kijana nimeushusha.

Saa tisa alasiri, jua likiwa bado lipo juu ya paa, nilivaa koti nikaenda kwenye tanuri la mikate. Nilisimama kwenye foleni fupi, ya wanaotaka mmoja tu. Zamu yangu ilipofika, mwokaji akaniuliza wa ufuta au mtupu. Nikasema mtupu.