Gia Alivyoupita Mwezi Akiwa Benchini

Uchokozi uliletwa na redio ya Risasi. Ilikuwa benchini, nje ya duka langu la kunyolea, imefunguliwa tumbo, waya zinaning'inia, na bado inasoma habari: kuna chombo cha angani kiko mbali mno, ujumbe wake unafika duniani baada ya karibu siku nzima.

"Mmesikia?" Gia akaruka, kahawa ikamuunguza vidole. "Karibu siku nzima! Halafu mke wangu analalamika sijajibu ujumbe wa asubuhi!"

Gia ni dereva wa lori. Lori lenyewe lilikuwa gereji, lakini jana alimuaga mkewe kwamba amepata mzigo wa kuvuka mpaka, akalala kwa rafiki yetu Wakili. Ukweli ni kwamba mama mkwe alikuwa anahama, na kabati lake lilitakiwa lipande ghorofa ya tatu. Gia analiogopa kabati lile kuliko polisi wa barabarani. Anasema baba mkwe alilibeba mara moja tu, na mgongo haukunyooka tena mpaka anazikwa.

"Usijifananishe na chombo cha angani," Risasi akasema bila kuinua macho. Ni fundi redio, na jina kalipata kwa ile risasi anayounganishia waya. "Mawimbi ya redio yanakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde. Yanaizunguka dunia mara saba hujamaliza kupiga chafya! Ujumbe wa shemeji ulifika. Ambaye hajafika ni wewe."

"Napinga!" Wakili akadakia. Wakili ni fundi cherehani. Mahakamani aliwahi kuingia mara moja, kumpima karani suruali. "Hayo mawimbi uliyakimbiza wewe ukayapima?"

"Nani ayakimbize? Hata ukiongea na mtu aliye mwezini, sauti inakwenda na kurudi kwa sekunde mbili na nusu."

"Basi mteja wangu kapona! Gia, shemeji akipiga, usijibu papo hapo. Nyamaza kidogo kwanza. Atajua uko mbali, sauti imechoka njiani."

"Haichoki!" Risasi akafoka.

"Shemeji anajua hilo?"

"Njia ya mwongo ni fupi, Gia. Shauri yako."

"Ndiyo maana nataka kuirefusha," Gia akajibu.

Hapo hapo simu ikaita. Gia akaweka sauti ya nje ili Wakili amwongoze. Mimi nilikuwa mlangoni, sina mteja, na masikio yangu yote yalikuwa benchini.

"Baba watoto, umefika wapi?" Mkewe aliongea taratibu, karibu ya kunong'ona.

Gia akakunjua vidole kimoja kimoja, mpaka vitano.

"NDIO NAVUKA MPAKA!" Anayeongea kutoka mbali lazima apaze sauti, na hilo hakuhitaji kufundishwa.

"Sekunde tano," Risasi akanong'ona. "Umeshaupita mwezi, mjinga wewe."

"Mbona unachelewa kujibu?"

Vidole vitano. "NI MBALI, MKE WANGU! SAUTI INASAFIRI!"

"Pole. Mama anakusalimu."

Vidole vitano. "NAMI NAMSALIMU SANA! MWAMBIE NINGEKUWA KARIBU, KABATI LAKE NINGELIBEBA PEKE YANGU!"

Wakili akamwinulia dole gumba. Kesi imekwisha.

"Ila kuna kitu kinanishangaza, baba watoto. Kila neno lako nalisikia mara mbili. Kwanza kwa sikio hili lisilo na simu, ndipo kwa hili lenye simu."

Gia akamtazama Wakili. Wakili akaitazama redio. Na Risasi, ambaye swali la ufundi halimpiti hata likiulizwa na mnyongaji wake, akainamia simu.

"Ni sawa kabisa, shemeji! Mawimbi hayana kosa. Ni kwamba maneno ya simu yanazungushwa mitamboni kwanza. Ukiwa jirani na msemaji, sauti ya mdomo inatangulia. Maana yake hapo ulipo huwezi kuwa mbali na..."

Nilimhurumia Gia kwa kweli, ingawa kicheko nacho kilikuwa kinanibana mbavu.

Kwenye kona ya duka langu akatokea mkewe, simu bado sikioni. Nyuma yake alikuja mama mkwe, anajipepea kwa mtandio.

"Pole na safari, mkwe wangu," mama akasema kwa heshima zake zote. "Umerudi upesi."

Gia, kwa mazoea, akakunjua vidole. Vilipofika vitano ndipo akaitika: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Wakili alikuwa ameshainuka, ghafla kakumbuka suruali ya mteja. Risasi naye alikuwa anaikumbatia redio yake, waya zinaburuta chini. Mimi nilikuwa narudi kinyumenyume dukani.

"Kaeni, wanangu," mama mkwe akasema kwa upole. "Sisi tulitoka kutafuta wabebaji. Kabati lina pembe nne, nanyi mko wanne."